Kiti kilichotundikwa ghalani: uchambuzi wa kisa kimoja cha milimani Kilolo

Kisa hiki kimeunganishwa kwa ajili ya kuwafundishia maofisa ustawi wa jamii, walimu na viongozi wa vijiji. Kijiji hakitajwi na mtoto hana jina, lakini mambo yenyewe si mageni kwa yeyote aliyefanya kazi kwenye miinuko ya Kilolo, Mufindi au Makete, kusini mwa Tanzania.

Msichana wa miaka 9, uzito kilo 17, ana mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulioumia mapema na kushindwa kuiongoza misuli vizuri. Anaishi na mama yake na bibi mzaa mama. Baba aliondoka mtoto alipotimiza mwaka na nusu akiwa hajaweza kukaa. Inasemekana yuko kwenye mashamba ya chai. Miguu ya mtoto inakakamaa na magoti yanapishana kama mkasi. Mkono wa kushoto anautumia kidogo, shingo anaishikilia kwa dakika chache. Haongei, ila anaelewa Kihehe na Kiswahili, na hucheka panapostahili kuchekwa. Ana kifafa pia, na anatumia fenobabito ya zahanati ikiwepo.

Mwezi Agosti alikabidhiwa kiti mwendo kwenye mkutano wa hadhara. Palikuwa na hotuba, picha, na kanga mpya kwa mama. Februari ofisa ustawi wa jamii alipopita, kiti kilikuwa kimetundikwa kwenye boriti za ghala la mahindi, tairi moja haina upepo, na mtoto amelazwa jikoni juu ya gunia, hatua moja kutoka kwenye mafiga. Shule hajawahi kuiona. Maelezo ya kijiji yalikuwa mafupi: walipewa, hawakutunza.

Maneno hayo mawili yana hukumu ndani yake, na kabla ya kuikubali inafaa kukishusha kiti na kukipima.

Vipimo

Kilikuwa kiti cha kawaida cha hospitali, cha kukunja, kikalio cha turubai chenye upana wa sm 46 na kina cha sm 41, uzito karibu kilo 18. Hicho ni cha mtu mzima. Nyonga za mtoto, akiwa amekaa, zilikuwa sm 24. Kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti zilikuwa sm 30. Kanuni ya mafundi ni kwamba upana wa kikalio ulingane na nyonga; kina kiwe hicho kipimo cha paja ukitoa sm 3 hadi 6; na kikanyagio kikae mahali ambapo goti linakunjika nyuzi 90 na nyayo zote zimekanyaga. Kwa mtoto huyu kina kilitakiwa kuwa kama sm 25. Akiwekwa kwenye sm 41, makalio yanateleza mbele mpaka goti lipate ukingo wa kukunjikia, mgongo unapinda, kidevu kinainuka. Na mtoto ambaye misuli yake hukakamaa akishafika hapo, mwili mzima hunyooka kwa ghafla kama ubao na kumtoa kitini, miguu ikitangulia.

Mama alifanya ambalo kila mzazi angefanya: alimfunga kifuani kwa kanga. Kanga ya kifuani haizuii nyonga. Mtoto anateleza chini yake na kanga inapanda, kwapani kwanza, kisha shingoni. Mkanda unaotakiwa hulala juu ya mapaja, karibu kabisa na kiungo cha nyonga, ukivutwa kwenda chini na nyuma. Huo haukuwepo, na hakuna aliyemwambia kuwa upo. Baada ya kumkuta mara ya pili amekabwa, mama alikitundika kiti. Uamuzi huo ulikuwa sahihi.

Kulikuwa na madhara ambayo hakuna aliyeyahusisha na kiti. Uji ukimiminwa mdomoni kwa mtoto aliyeinua kidevu, sehemu yake huingia njia ya hewa. Kadi ya zahanati inaonyesha alitibiwa nimonia mara mbili kati ya Septemba na Novemba. Kumlisha mtoto wa aina hii kunataka mgongo wima, kidevu kimeinama kidogo, uji mzito kuliko wa wengine, kijiko kidogo kisichojaa, na mlishaji akae mbele yake usawa wa macho. Inachukua dakika 30 hadi 40. Akilishwa kwa haraka akiwa amelala, ni bahati tu akisalimika.

Halafu njia. Kutoka nyumbani hadi shule ni km 1.4. Magurudumu ya mbele ya kiti hicho ni madogo, ya sm 20, membamba na magumu. Yametengenezwa kwa sakafu. Kwenye udongo mwekundu ulionyeshewa yanazama, kiti kinakwama ghafla na aliyekaa anaendelea mbele. Kwa njia za milimani hutumika kiti cha magurudumu matatu, gurudumu la mbele likiwa mbali na miguu, maana hakipinduki kirahisi kwenye mashimo. Na mteremko mkali huteremshwa kinyumenyume, msukumaji akitangulia chini na uso wake ukitazama juu. Watu huona aibu kuteremka hivyo, wanadhani ni kutojua kusukuma.

Tairi lenyewe lilikuwa la inchi 24. Fundi baiskeli wa kijiji anauza tyubu za 26 na 28, kwa kuwa hizo ndizo baiskeli zinazopita kwake. Aliikunja tyubu ya 26 ndani ya tairi la 24, na ilipotoboka pale kwenye mkunjo hakuwa na la kufanya tena. Kiti ambacho kipuri chake hakipatikani ndani ya mwendo wa nusu siku kina umri wa miezi michache, hata kingekuwa kizuri namna gani.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 mwongozo wa utoaji wa viti mwendo katika nchi zenye uwezo mdogo. Humo huduma imepangwa kwa hatua 8: rufaa na miadi, tathmini, kuamua kiti kinachofaa, fedha na uagizaji, maandalizi ya kiti, kukijaribisha mwilini mwa mtumiaji, mafunzo, na ufuatiliaji pamoja na matengenezo. Katika kisa hiki ilifanyika ya nne, ikapigwa picha. Ujuzi upo nchini. Chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa tangu 1981, na utengenezaji wa viti mwendo umo katika fani zake. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye futi ya fundi cherehani na nusu saa.

Kilichokuwa kinahitajika

Ofisa alimwuliza mama swali ambalo Agosti halikuulizwa: ungeambiwa uchague, ungeomba nini? Kiti hakukitaja. Alitaka mtu wa kukaa na mtoto kuanzia saa 2 hadi saa 6, siku za kupanda na za palizi.

Hesabu yake ni hii. Ana ekari moja na nusu ya viazi na mahindi. Bibi ana zaidi ya miaka 70 na hawezi kumnyanyua mjukuu. Kwa hiyo mama hupanda wengine wakishamaliza, hupalilia magugu yakishakomaa, na Machi anakuwa ameanza kununua unga. Kilo 17 anazibeba mgongoni kwa mbeleko. Mtoto akifika kilo 25 hatazibeba, na kwa sasa hakuna mpango wowote wa siku hiyo.

Jikoni amelazwa kwa sababu ya baridi. Anayewajua watu wa nyanda za juu Juni na Julai hatashangaa: moto ndio blanketi. Lakini kifafa na mafiga havikai chumba kimoja. Mtoto akipatwa na degedege hajirudishi nyuma. Anaungua mpaka mtu aingie. Katika nyumba hii hatari hiyo iliondolewa ndani ya siku moja, kwa tofali za matope zilizojengwa nusu duara kuzunguka mafiga, kimo cha sm 50, na kwa kiti cha pembe: mbao mbili zilizounganishwa kama pembe ya ukuta ili mabega yake yaje mbele, kikalio cha chini, na kipande cha mti kilichovikwa sponji na kuwekwa katikati ya magoti kuzuia yasipishane. Kipande hicho hukaa karibu na magoti. Mafundi wengi hukisogeza hadi kwenye kinena wakidhani ndicho kinachomzuia mtoto asiteleze, na hapo kinamchubua. Kazi ya kuzuia kuteleza ni ya mkanda.

Seremala wa kijiji alikitengeneza kwa mabaki ya mbao za paini. Kisa hiki kingeanzia hapo Agosti, pengine ghala lisingekuwa na kiti darini.

Deni la nani

Mkutano wa kijiji wa Machi ulikuwa mrefu. Mjomba wa mtoto alisema aulizwe baba yake, mtoto ni wa ukoo ule. Mwenyekiti alisema walemavu ni wa serikali. Mwalimu mkuu alisema hana mwalimu wa elimu maalumu. Waliotoa kiti waliandika kwamba wao walishatoa. Tatizo la mazungumzo ya aina hii ni kwamba hakuna anayedanganya. Baba kweli anadaiwa matunzo na Sheria ya Mtoto ya 2009 inampata. Serikali kweli ina wajibu. Kila kidole kinamwonyesha mtu anayestahili kuonyeshwa, na mtoto anaendelea kulala kwenye gunia.

Mzee mmoja alisema hujafa hujaumbika, na watu wakaitikia. Ni methali nzuri, lakini tuitazame inavyofanya kazi: inamtetea mlemavu kwa kumtisha mzima. Inatosha kunyamazisha kicheko. Haitoshi kuwafanya watu wachimbe mtaro, maana mwenye afya akishatoka mkutanoni hofu humtoka njiani.

Kulikuwa na hoja nyingine, nzito zaidi, iliyotoka kwenye kadi ya kliniki. Mama alikaa na uchungu siku mbili, mwezi Machi, gari likishindwa kupita kwenye kipande cha barabara kilichokatwa na mvua. Mtoto hakulia alipozaliwa. Siku ya pili alipata degedege. Anayesoma mfululizo huo anafikiria kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na akifikiria hivyo anaona kwamba barabara mbovu ya kijiji kizima ilihusika na ulemavu huu. Kwa hiyo kijiji kinalipa deni, hakitoi sadaka. Hoja hiyo iliwagusa watu kuliko methali, na ilizima kwa muda maneno ya laana upande wa mama, ambayo kazi yake kubwa siku zote ni kuwafungulia wengine mlango wa kuondoka.

Hata hivyo si hoja ya kuegemea peke yake. Kadi haithibitishi. Mtindio wa ubongo huweza kuanza tumboni, au kutokana na manjano kali ya siku za kwanza, au homa ya uti wa mgongo baadaye. Ukilifunga deni kwenye chanzo, mtoto wa nyumba ya tatu aliyeugua kwa sababu isiyomhusu mtu atakosa mdaiwa. Msingi imara zaidi ni mfupi: kijiji kimeshajenga njia, shule na vyoo kwa ajili ya miili ya aina fulani, kwa michango na nguvu za watu wote, ikiwemo michango ya mama huyu. Jasho lake limo kwenye madarasa ambayo mwanawe hawezi kuyaingia.

Azimio la Arusha la 1967, lilipoeleza nchi isiyo na unyonyaji, liliwaweka vilema pamoja na watoto wadogo na wazee sana miongoni mwa wanaostahili kuishi kwa kazi ya wengine. Kwa wakati wake lilikuwa jambo kubwa. Lakini linampa mtu chakula bila kumuuliza angependa kufanya nini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 imekwenda mbali zaidi: inazungumzia shule za kawaida, inazipa serikali za mitaa wajibu, na inataka kuwe na kamati ya watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji. Hapa kamati ilikuwepo kwenye daftari. Mjumbe mmoja alikuwa amehamia Makambako.

Kuhusu fedha, mtendaji alipendekeza mama aombe mkopo wa halmashauri, ile asilimia 2 ya watu wenye ulemavu katika asilimia 10 ya mapato ya ndani (wanawake 4, vijana 4). Hauna riba. Bado ni mkopo, na mama huyu hana saa nne za kufanya biashara ya kuurejesha. Shida yake ni hizo saa zenyewe. Kumkopesha kungemwongezea mzigo. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ilifaa zaidi: jina lake lilipelekwa kwenye orodha ya kaya maskini, likapitishwa mkutanoni.

Awamu ya pili

Wajibu uligawanywa kwa kuuliza kila mmoja ana kitu gani ambacho mwingine hana. Halmashauri ilipewa rufaa na usafiri wa kwenda Iringa mjini kupimwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Kiti cha magurudumu matatu chenye kikalio cha mbao na sponji ngumu ya sm 5, kiegemeo cha kichwa na meza ndogo kilifika baada ya wiki 11, chenye matairi ya inchi 26 kwa ombi maalumu. Waliotoa kiti cha kwanza walilipia.

Shule ilipewa mlango. Kizingiti cha darasa la kwanza kina ngazi mbili, jumla sm 34. Kwa uwiano wa 1 kwa 12 njia ya mteremko inahitaji urefu wa mita 4.1. Fundi alitaka mita 2, akisema nafasi haitoshi. Mita 2 ni mwinuko wa 1 kwa 6, ambao ni vigumu kusukumia kiti chenye mtoto bila kuteleza. Ilikunjwa kufuata ukuta, nafasi ikapatikana. Upana mita 1.2, ujazo wa mawe na kifusi, zege ya sm 8 juu, mifuko 4 ya saruji. Kosa lililoepukwa dakika za mwisho ni kupiga niru uso ukawa laini kama sahani. Ulikwaruzwa kwa fagio la njiti kabla haujakauka, mistari ikikata njia kwa upana. Choo kilipanuliwa mlango hadi sm 90, ufunguke kwa nje, kikawekwa kiti cha mbao chenye tundu, kimo sawa na kikalio cha kiti mwendo, na miti miwili ya kushikilia.

Njia ya km 1.4 ilitisha kwa urefu wake, ila ilipotembewa na mtu mwenye daftari, palipokuwa pabaya ni sehemu mbili tu: korongo la mita 60 na daraja la magogo. Korongo lilikatwa mshazari badala ya kushuka moja kwa moja, likawekewa mitaro ya kukata maji kila baada ya hatua kumi hivi. Jumamosi mbili zilitosha. Magogo ya daraja yalikuwa yamelazwa kufuata njia na gurudumu liliingia katikati yake. Yakapigiliwa mbao za kukingama.

Walimu waliogopa kifafa kuliko kitu kingine. Walifundishwa kwa saa moja: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimkandamize, usimwekee kijiko wala chochote mdomoni, tazama saa, ikipita dakika 5, zahanati. Na mama alielezwa kuwa fenobabito ikikatwa ghafla huleta degedege kali zaidi, hivyo dawa ichukuliwe zikibaki za wiki mbili, asisubiri kopo liishe. Kwa kuwa neno mtindio wa ubongo hutumika ovyo hata kwa mtu mwenye ulemavu wa akili, mwalimu alikuwa ameshaamua kwamba huyu hafundishiki. Ubao wa picha 12 ulibadilisha jambo hilo: mtoto anatazama juu kwa ndiyo, pembeni kwa hapana. Wiki ya tatu alimkosoa mwalimu aliyeruka jina la mwenzake kwenye mahudhurio.

Kilichoharibika ni zamu za kusukuma. Vijana kumi walijiandikisha Mei na hadi Oktoba mambo yalikwenda. Desemba kila mtu alikuwa shambani, na baadaye ulanzi, pombe ya mianzi, ulipojaa hakuna aliyeonekana asubuhi. Mama akarudia kupiga hodi saa 12 alfajiri, akibembeleza. Kosa halikuwa la vijana peke yao: zamu ziliandikwa kama hisani, na hisani haina mbadala wala adhabu. Mwenyekiti wa kitongoji alizihamishia kwenye daftari la kazi za maendeleo. Sasa wiki moja ya kusukuma inahesabiwa sawa na siku moja ya kutengeneza barabara, asiyefika anatafuta wa kushika nafasi yake, na anayekosa anadaiwa kama aliyekosa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Wapo walionung'unika. Mama hapigi hodi tena, na hiyo ndiyo tofauti aliyoitaja kwanza alipoulizwa, kabla ya kiti na kabla ya shule.

Mtoto anahudhuria siku nne kwa wiki. Ijumaa anabaki nyumbani, maana dada anayemsaidia chooni ana mtoto wa kliniki siku hiyo, na mtu mwingine mtoto anamkataa. Hilo ni haki yake, likaachwa hivyo. Saa za asubuhi mama yuko shambani, na mwaka huu viazi vyake viliingia ardhini wiki moja na vya majirani. Nyonga zitapimwa tena Juni. Zikivuka sm 27, kikalio kitabidi kibadilishwe, na ombi hilo limeshapelekwa, kwa sababu lile la kwanza lilichukua wiki 11.

Kile kiti cha sm 46 kilishushwa ghalani, kikatafutiwa tyubu ya inchi 24 mjini. Anakitumia mzee wa kitongoji cha chini aliyepooza upande mmoja. Alipimwa kwanza: nyonga sm 45.